Bukini Aliyeonwa na Watu Wawili

Clement Setchell huandika ndege kwa penseli, kwa sababu wino huganda kwenye baridi. Ana madaftari sitini na mawili, na kwa miaka mingi yalikaa kwenye kabati la jikoni, mahali ambapo watu wengine huweka sahani. Kila ukurasa una tarehe, upande unakotoka upepo, kimo cha maji, halafu majina ya ndege. Ndege aliyemwona humwandika kwa jina kamili. Aliyemsikia tu humwekea alama, kijiduara chenye mkia mfano wa sikio. Ambaye hana hakika naye hamwandiki kabisa. Niliwahi kukaa naye karibu saa nzima upepo ukitukata mashavu, tukikisubiri kindege cha kahawia kilichojificha kwenye matete. Kiliporuka na kwenda zake bila kugeuka, Clement alifunga daftari.

"Si ungeandika tu, mzee? Mimi na wewe tunajua ni nani yule."

"Wewe unajua. Mimi nimeona mgongo."

Mimi ni jirani yake. Nimeishi kijijini Upwick miaka kumi na tisa, mlango wa tatu kutoka kwake, na tangu madaktari walipomkataza kuendesha gari mimi ndiye ninayempeleka bondeni kila Jumapili ya majira ya baridi. Kwa hiyo nilikuwapo siku ile ya Januari mwaka huu, na ninayoyaandika hapa niliyaona na kuyasikia mwenyewe. Yaliyotangulia alinisimulia kidogo kidogo, tukiwa njiani, macho yake yakiwa nje ya dirisha.

Alizaliwa katika nyumba ya pampu, ukingoni mwa mto. Baba yake aliendesha pampu inayotoa maji kwenye mashamba ya viazi, kwa kuwa ardhi yetu yote iko chini kuliko mito yake, na pampu ikisimama wiki moja watu huanza kuhamishia magodoro ghorofani. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na tano. Akawa dereva wa mashine ya kuchimbua mitaro, akaifanya kazi hiyo miaka arobaini na minne, peke yake ndani ya kile chumba cha vioo, akiinua matope na kuyamwaga kando. Ndege walizoea mashine kuliko mtu. Korongo walisimama hatua tano kutoka kwenye ndoo ya chuma wakingoja vyura. Hapo ndipo alipoanza kuwatazama. Hakuoa. Aliishi na dada yake, Olive, mpaka alipofariki.

Rafiki yake alikuwa Ivor Leaford, mwangalizi wa majengo ya shule, aliyemzidi umri kwa miaka minane. Ivor alikuwa na mke, Thelma, na miwani mizito. Jumapili zote za baridi wanaume hawa wawili walikwenda bondeni, kule ambako mto huachiwa makusudi uingie kati ya matuta mawili, malisho ya ng'ombe yageuke ziwa la maili kumi, na ndege wa kaskazini washuke kwa maelfu.

Wakati huo chama cha ndege cha wilaya kilikuwa mikononi mwa watu wa aina nyingine. Walikuwa madaktari, walimu wakuu, na mchungaji mmoja mwenye darubini ya Kijerumani. Mtu akiona ndege wa nadra, sharti aandike maelezo yake kwenye karatasi, kila unyoya alioona na jinsi alivyouona, na kamati yao hukaa na kuamua kama aliona kweli au alijidanganya. Mara tatu Ivor aliandika. Mara tatu kamati ilirudisha jibu kwamba maelezo hayatoshi. Mara ya tatu mmoja wao alimwambia mbele ya watu, akicheka, kwamba ufagio na darubini ni vyombo viwili tofauti.

Halafu ikaja Januari ya 1982, baridi ambayo wazee wa hapa bado wanaitaja kwa mwaka wake. Katika kundi la bata bukini wa kawaida wenye paji jeupe, Ivor alimwona mmoja mdogo kuliko wenzake. Yupo bukini wa namna hiyo, mdogo, anayetoka mbali sana upande wa kaskazini na mashariki, na katika bonde letu hakuwa ameonwa hata mara moja. Kinachomtambulisha bila ubishi ni pete ya njano kuzunguka jicho. Ivor alimwandika. Safari hii karatasi ilikuwa na sahihi mbili, yake na ya Clement Setchell. Kamati ilimkubali bukini.

Maisha ya Ivor yalibadilika. Waliomcheka walikuja kumpa mkono, na miaka miwili baadaye aliingizwa kwenye kamati yenyewe. Bonde lilipofanywa hifadhi, alipewa kazi ya kujitolea ya kulitunza, akajenga kwa mikono yake kibanda cha kwanza cha kutazamia ndege kwa mbao za shule iliyobomolewa. Alifariki miaka sita iliyopita. Mchungaji, mwingine sasa, alimtaja bukini kwenye mazishi.

Mwaka jana kibanda cha Ivor kilikuwa kimeoza miguu, na hifadhi ikajenga kipya. Bridget, mhifadhi wetu, alitaka kiitwe kwa jina la Ivor, na mlangoni achongwe bukini mdogo. Chama nacho kilikuwa kinatayarisha kitabu cha ndege wa bonde. Bridget akamletea Clement karatasi, akamwomba aandike upya habari ya siku ile, maana ndiye shahidi pekee aliyebaki, kisha atie sahihi.

Karatasi ilikaa juu ya meza yake wiki tatu chini ya chupa ya siki. Jioni moja niliingia kumletea mkate, akaisukuma kuelekea kwangu.

"Siwezi kuitia sahihi hii," alisema.

"Mkono unatetemeka? Nikuandikie?"

"Mkono mzima. Sikuiona pete, jirani."

Nilikaa.

"Ivor aliiona," alisema. "Mimi nilisema nimeiona. Aliniuliza, nikasema ndiyo. Nilimwona bukini, alikuwa mdogo, hilo ni kweli. Lakini jicho lake sikuliona. Walikuwa mbali, na machozi ya baridi yalinijaa."

Nikamuuliza anataka kufanya nini. Akasema anataka kuondoa jina lake. Bukini atabaki na shahidi mmoja, na kamati ya siku hizi inaweza kumfuta, tena akiwa mlangoni kwa Ivor. Kwa hiyo kwanza atamwambia Thelma. Si kwa simu, wala si nyumbani kwake, penye picha za Ivor kila ukuta. Atamwambia bondeni.

Ndivyo ilivyokuwa Jumapili ya tatu ya Januari tukampitia Thelma Leaford saa mbili na nusu asubuhi. Ni mwanamke wa miaka sabini na tisa, mfupi, mwenye fimbo na sauti inayofika ng'ambo ya mto. Jalidi ilikuwa imelala juu ya mashamba, nyeupe tupu, na matuta ya viazisukari, vile vya kutengenezea sukari, yalionekana kama yamenyunyiziwa chumvi. Alifungua mlango wa nyuma, akamtazama Clement.

"Clem, hiyo kofia umemvua nani? Sanamu la kutishia ndege shambani?"

"Lenyewe halina masikio. Mimi ninayo."

"Ungeliachia na koti, basi, mngefanana kabisa." Akaketi, akaweka mkoba wake mapajani. "Nimeleta pai ya nyama. Usiseme huna njaa, nakujua. Na nimekuletea kitu kingine, lakini mpaka tufike."

Niliona mkono wa Clement umeshika mkanda wa gari kama mtu anayeshuka mteremko mkali, na barabara yetu haina hata kilima kimoja.

Tulitembea juu ya tuta polepole, kwa mwendo wa fimbo ya Thelma. Maji yalikuwa yamefunika kila kitu hadi upeo wa macho, yakiwa na utando wa barafu kwenye kingo. Batamaji weupe walikuwa wameshatoka kwenda mashambani kula mabaki ya viazi, isipokuwa familia moja iliyobaki, wazazi wawili na watoto watatu wa kijivu. Bata wa miluzi walikuwa wanalia kila upande. Mlio wao ni kama wa mtu anayeshangaa jambo, analisikia upya, anashangaa tena.

Kibanda kipya kilikuwa bado kimefungwa, kwa hiyo tuliingia katika kibanda cha mwisho, karibu na pampu ya zamani. Ndani kulikuwa na wanaume wawili kutoka mjini, wenye darubini za miguu mitatu kubwa kama mizinga.

"Kuna chochote?" mmoja wao alimuuliza Clement hata kabla hatujakaa.

"Kuna bata elfu nne. Ulitaka nini kingine?"

"Nadra, ninamaanisha. Kuna chochote cha maana?"

"Muulize bata kama yeye si wa maana," Thelma alisema.

Walitabasamu kidogo, wakakunja miguu ya darubini zao, wakaondoka. Tukabaki watatu. Thelma alimimina chai, akakata pai kwa kisu kidogo na kutugawia. Tulikula tukitazama nje kupitia lile dirisha refu jembamba. Mwewe wa matete alipita chini chini na bata wote wakainuka, maji yakawa na kelele kama ya mvua, halafu wakatua. Clement hakulitoa daftari lake. Nilijua anatafuta pa kuanzia.

Lakini Thelma alitangulia.

"Haya, chako hiki." Alitoa mkobani daftari dogo jekundu, pembe zake zimeliwa na panya. "Nimelipata kwenye banda la Ivor. La 1982. Nilikuwa nataka kusoma maneno mawili siku ya ufunguzi, nikasema nitafute aliandika nini mwenyewe, si yale ya kwenye karatasi ya kamati. Sikiliza ulivyoandikwa humu."

"Thelma, ngoja kwanza."

"Ngoja nini? Nimevaa miwani tayari." Akafungua palipowekwa kipande cha uzi. "'Jumapili. Upepo kaskazini-mashariki, baridi ya kuua. Bukini thelathini na mmoja upande wa pampu. Mmoja mdogo, paji jeupe limepanda juu. Pete ya jicho mimi sikuiona, miwani imeshika barafu. Nikamuuliza Clem. Clem ameiona wazi. Namshukuru Mungu kwa macho ya Clem.'"

Akamtazama, anatabasamu. "Umeona? Namshukuru Mungu kwa macho ya Clem. Hayo ndiyo nitakayosoma. Miaka yote watu wanasema bukini wa Ivor, bukini wa Ivor, na mwenye macho ulikuwa wewe."

Nimewahi kumwona mtu akipokea habari ya kifo. Clement hakuwa mbali na hivyo. Aliweka kikombe juu ya ubao wa dirisha, kikayumba, nikakishika.

"Soma tena hapo," alisema.

"Wapi?"

"Pete."

Akasoma tena. Clement akatikisa kichwa polepole.

"Mimi nilidhani ameiona," alisema. "Aliponiuliza, nilidhani ameshaiona, anataka mtu wa kumuunga mkono tu. Aliniambia, 'Clem, ana pete? Niambie ana pete.' Nikamwambia anayo."

"Ndiyo. Ndivyo alivyoandika."

"Sikuiona, Thelma. Sikuona pete yoyote. Nilikuja leo kukwambia kwamba mimi sikuiona lakini Ivor aliiona. Hayo ndiyo niliyotoka nayo nyumbani."

Thelma hakuelewa mara moja. Alitazama daftari, akamtazama yeye, akanitazama na mimi, kana kwamba huenda nikatafsiri. Kisha niliona linavyomfikia. Alivua miwani.

"Kwa hiyo hakuna aliyeiona."

"Hakuna."

"Wewe ulimtegemea yeye, naye akakutegemea wewe."

"Yeye aliuliza kwa haki, Thelma. Mwenye kosa ni aliyejibu."

Nje bata waliendelea kushangaa. Thelma alishika ule ukurasa kwa vidole viwili, kwa juu, kama mtu anayetaka kuupasua.

"Nikiuchana sasa hivi, nani atajua?"

"Sisi watatu," Clement alisema.

"Huyu hasemi." Alinionyesha kwa kidevu.

"Hasemi. Lakini Bridget anataka sahihi yangu."

"Si utie! Ulitia ya kwanza ukiwa na miaka thelathini na tatu, mkono haukukauka. Inakushinda nini ya pili?"

Thelma alifunga daftari bila kuuchana ukurasa, akachukua fimbo, akatoka. Kupitia dirishani tulimwona anatembea juu ya tuta, kichwa kimeinama, mpaka kwenye lango la ng'ombe, akasimama hapo ameushika mti wa juu. Nilitaka kumfuata kwa sababu ya barafu. Clement alinishika mkono wa koti.

"Mwache. Hapo ndipo Ivor alipokuwa anavutia kiko."

Alikaa huko kama dakika ishirini. Clement hakugusa darubini. Aliketi ameweka mikono juu ya magoti, mikono mikubwa ya mtu wa vyuma. Mara moja alisema, bila kunitazama, "Walimcheka kwa ajili ya ufagio, unajua." Nikasema najua.

Thelma aliporudi pua yake ilikuwa nyekundu na sauti imeshuka.

"Nataka kujua jambo moja. Uliposema anayo, ulijua unadanganya?"

Clement alichukua muda. Ni mtu ambaye huchukua muda hata akiulizwa kama anataka sukari, lakini safari hii nilihisi anaitafuta siku yenyewe, anaitazama vizuri kabla ya kusema.

"Kwa kama saa moja, hapana. Nilitaka ionekane mpaka nikadhani naiona. Tulirudi kwa baiskeli, Ivor anaimba. Nilipofika nyumbani nikakaa kwenye ngazi kuvua buti, nikafumba macho nimwone tena bukini. Nikamwona mwili, nikamwona paji. Jicho halikuwapo. Hapo nikajua."

"Na karatasi mliandika lini?"

"Jumatano yake."

"Siku tatu."

"Siku tatu."

Thelma aliketi, si karibu naye, upande wa pili wa benchi. "Miaka thelathini na saba alimfurahia ndege ambaye hakuonwa na mtu," alisema. "Sikuwahi kumwona mwanamume anatembea vile alivyotembea baada ya ile barua ya kamati. Alinunua suti. Ivor, suti! Wewe ndiye uliyempa hayo, Clem. Sijui nikushukuru au nikupige."

"Nipige."

"Usiniambie la kufanya." Alifuta macho kwa glavu. "Utamwambia Bridget leo hii. Sitaki kwenda kulala jambo hili likiwa linaningoja kesho."

Ofisi ya hifadhi ni chumba kimoja chenye jiko la kuni, na Bridget alikuwa anapasha supu ya dengu. Ni mwanamke mpole, mrefu, anayewasema vizuri hata panya. Clement alikataa kukaa. Alivua kofia, akasimama kama mtu aliyeitwa na mwalimu, akaeleza yote kwa sentensi tano au sita. Thelma aliweka daftari jekundu mezani, limefunguliwa.

Bridget alisoma, akakoroga supu, akasoma tena.

"Bwana Setchell, ilikuwa zamani sana. Labda alikuwa yeye kweli. Udogo, paji, hayo mliyaona nyote. Tunaweza kuandika kwenye kitabu, 'pengine'."

"Ukiandika 'pengine' unamaanisha niliona kitu. Sikuona."

"Kamati wakisikia mtu alitia sahihi asichokiona, hawataishia kwa bukini. Unajua utaratibu wao. Watataka kupitia kila ulichowahi kuwaletea. Miaka arobaini na mitatu."

"Najua. Ningekuwa mimi, ningefanya hivyo hivyo."

"Na mlango umeshachongwa," Bridget alisema, sasa akimwelekea Thelma, sauti imekuwa ndogo. "Jina na ndege. Mwaloni. Nimeuweka stoo."

"Mchonge mwingine juu yake," Thelma alisema. "Mnao bata elfu nne, hamtakosa wa kukaa kwenye ubao." Halafu akasema ana baridi, na kwamba angependa Bridget ndiye ampeleke nyumbani, kama haitamsumbua.

Tulirudi mimi na Clement peke yetu. Batamaji walikuwa wanarejea kutoka mashambani kwa mistari, shingo zimenyooka, na jua la saa kumi lilikuwa limewapiga kwa chini. Siku nyingine angeniambia nisimamishe gari. Alitazama mbele.

Barua aliiandika usiku uleule kwa kalamu ya wino, akaitia kwenye sanduku la posta asubuhi. Majibu ya kamati yalikuja wiki ya pili ya Februari. Bukini wa 1982 ameondolewa, na kamati inaomba kwa heshima madaftari yote ya Bw. C. Setchell kwa uchunguzi. Wako watu chamani walioona kamati imemwonea mzee. Wako waliosema, na nilimsikia mmoja kwa masikio yangu kwenye foleni ya mkate, kwamba aliyezusha mmoja amezusha mia. Clement aliyapanga madaftari kwenye makreti matatu ya viazi, nikampeleka mjini, akayabeba mwenyewe mpaka ndani, kreti moja moja, akikataa kusaidiwa. Kabati la jikoni likabaki tupu. Sahani zake bado ziko palepale zilipokuwa, kwenye rafu juu ya sinki.

Thelma hakumpigia simu. Kwa miaka sita alikuwa akimpigia kila Jumatano kumuuliza kama amekula. Jumatano ya kwanza Clement aliketi karibu na simu mpaka saa tatu usiku. Jumatano ya pili nilimkuta amewasha redio.

Ufunguzi wa kibanda ulikuwa Jumamosi ya mwisho ya Februari. Kulikuwa na upepo na mvua nyembamba ya barafu, na watu kama thelathini, wamejikunyata chini ya tuta. Clement hakutaka kwenda. Nilimwambia kibanda ni cha Ivor, si cha bukini, na asipoonekana watu watamkumbuka Ivor kwa jambo moja tu. Alivaa tai.

Kwenye mlango wa mwaloni kulikuwa na jina, na chini yake palipokuwa na ndege palikuwa pamekwanguliwa, bado ni peupe. Hawakuwa wameamua wachonge nini. Bridget alisema maneno machache, kisha akamwita Bibi Leaford. Thelma alitoka mbele na fimbo yake, akatoa karatasi mfukoni, akaitazama, akaikunja.

"Mimi sikukaa humu bondeni na Ivor," alisema. "Nilikaa nyumbani nikikausha soksi zake. Aliyekaa naye yule pale. Clem, njoo useme wewe."

Watu waligeuka. Niliona wengine wanatazamana. Clement akaenda mbele, kofia mkononi, mvua ikimpiga utosini.

"Ivor alinifundisha kuwatambua bata jike," alisema. "Dume kila mtu anamjua. Alijenga kibanda cha kwanza kwa mbao za shule, na hakulipwa. Siku ya baridi kubwa aliniuliza swali, kwa sababu miwani yake ilikuwa na barafu na hakutaka kuandika asichokiona. Nikamjibu uongo. Mmesikia mengi wiki hizi. Uongo ulikuwa wangu. Yeye aliuliza." Alingoja, kama vile huenda kuna zaidi. "Basi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alikohoa. Upepo uliingia chini ya sakafu ya kibanda kipya na kutoa sauti ya chupa inayopulizwa. Bridget alikuwa ameshika mkasi wa kukatia utepe na hakujua kama akate.

"Fungueni basi," Thelma alisema. "Watu wamekuja kutazama ndege, wanaganda."

Tukaingia, tukipanguza miguu. Madirisha marefu yakafunguliwa yote kwa mara moja na nuru ya maji ikaingia, ya kijivu, pamoja na ile milio. Kila mtu aliinua darubini. Benchi lilijaa upesi. Clement alikuwa amekaa mwisho kabisa, penye kona, na kati yake na aliyemfuata kulikuwa kumeachwa nafasi ya nusu mtu.

Thelma alipita nyuma ya migongo yetu yote, akigonga fimbo, mpaka akafika pale. Alisimama akitazama kisogo chake.

"Sogea," alisema.

Clement akasogea mpaka bega lake likagusa ukuta.